Vyombo Vidogo vya Majini katika Nchi ya Buha

Vinapotajwa vyombo vya asili vya majini, mawazo ya wengi hukimbilia pwani, kwenye majahazi, mashua na ngalawa. Jambo hilo si la ajabu, kwani sifa ya pwani ni ya kale. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kiitwacho Periplus kilikwisha kutaja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta. Lakini ufundi wa vyombo haukuishia pale penye mawimbi ya chumvi. Bara nako, katika nyanda za juu za Kigoma, watu walikuwa na maji yao, na kwa hiyo walikuwa na vyombo vyao.

Nchi ya Makere, kati ya Kasulu na Kibondo, ni nchi ya vilima na misitu ya miombo. Mto Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, hupita baina ya wilaya hizo mbili, huzama katika mabwawa makubwa, kisha hugeukia magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Mto huo haukuwa kizuizi kwa wenyeji. Msitu uliwapa dawa yake.

Dawa hiyo ilikuwa gome. Mti ulio mnyoofu ulichunwa gome lake zima, likakunjwa lingali bichi, na ncha zake mbili zikafungwa kwa kamba. Chombo hicho kilikuwa chepesi, nacho kilitosha kuvusha mtu na mzigo wake penye kivuko. Ufundi huu ni ndugu wa ule wa kutengeneza malindo ya nafaka na mizinga ya nyuki. Mikono iliyojua kuchuna gome kwa ajili ya asali ilijua pia kulichuna kwa ajili ya safari.

Vivuko hivyo vilikuwa na wenyewe. Richard Burton na John Speke walipofika Malagarasi mwaka 1858, walivushwa kwa mitumbwi ya magome, baada ya kulipa ushuru kwa mwenye kivuko. Henry Stanley naye alilipa kwa nguo na shanga mwaka 1871, na wakati wa kuvuka, punda wake mmoja alinyakuliwa na mamba. Wahenga hawakukosea waliposema usitukane mamba kabla hujavuka mto. Vitabu vingi huwaita wageni hao wavumbuzi. Ni vema wanafunzi wajiulize: mvumbuzi ni yupi, yule aliyeketi ndani ya chombo, au yule aliyekiunda na kujua mahali pa kuvukia?

Ziwani mambo yalikuwa makubwa zaidi. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake hupita meta 1,400. Duniani ni Baikal tu linalolizidi kwa kina. Hapo gome lisingefaa. Walitumia mitumbwi ya magogo makubwa, iliyochongwa kwa shoka na tezo. Kwa mitumbwi ya namna hiyo Burton na Speke walifikishwa Uvira mwaka 1858. Na kwa mtumbwi pia Livingstone na Stanley waliona, mwaka 1871, kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki.

Usiku wa giza, wavuvi waliwasha mienge juu ya mitumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, nao wakachotwa kwa nyavu za mkono. Mwezi ulipokuwa mpevu kazi ilisimama. Katika miaka ya 1950 karabai zilichukua nafasi ya mienge, na vyombo viwili vilianza kuunganishwa ili kubeba wavu mkubwa zaidi. Taa ilibadilika, lakini maarifa ya giza na mwanga yalibaki yale yale. Vyombo vya ziwa vimebeba pia misiba: mwaka 1996 vilivusha maelfu ya Wakongo waliokimbia vita, na wengi wao walipata hifadhi Nyarugusu, huko huko Makere.

Tukitazama duniani twaona jamaa za vyombo hivi. Wenyeji wa Kanada waliunda mitumbwi kwa magome, na wa Australia vilevile. Watu wa ziwa Titicaca hufunga matete. Hawakufundishana. Kila taifa lilisoma kitabu cha mazingira yake.

Lakini kitabu hicho chaweza kupotea. Mtepe, jahazi la kushonwa la Lamu, ulitoweka katika karne ya ishirini. Mwaka 2003 ulipoundwa mmoja wa maonyesho huko Unguja, mafundi walilazimika kutegemea mifano midogo na picha. Basi na sisi tuangalie. Msitu ukifyekwa, mti wa kuchongea mtumbwi haurudi kwa mwaka mmoja wala kumi. Na mzee ajuaye kuuchagua akifa, hata mti ukiwapo utakuwa kuni tu.

Kwa hiyo mwalimu wa Kasulu au Kibondo asingoje makumbusho. Na awapeleke wanafunzi wake kwa wazee wa kando ya Malagarasi, waulize majina ya miti, ya zana na ya sehemu za chombo, wayaandike yote. Daftari la mwanafunzi ni chombo kidogo pia, lakini laweza kuvusha maarifa kutoka kizazi kimoja hadi kingine.