Gobori na Bunduki ya Mitutu Miwili

Yatofautishe maneno haya mawili. Gobori hushindiliwa baruti na marisau kwa kupitia mdomo wa mtutu, na kila mlio hudai kushindilia upya. Bunduki ya kuwindia ya mitutu miwili, ile ya miaka ya 1890, hufunguka kwa bawaba, ikatiwa risasi mbili kwa nyuma, ikafungwa. Leo watozaji wa Ulaya huinunua hiyo ya kale kwa bei ya gari, na bado huipiga.

Tofauti hiyo ilikuwa pia ya kisheria. Mkataba wa Brussels wa 1890, tunaoukumbuka kwa kupinga biashara ya watumwa, ulizuia silaha bora zisiingie Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Rwanda imo humo. Magobori ya gumegume yaliruhusiwa. Msafiri mwenye hati ya serikali yake alipita na silaha yake njema. Mwindaji wa Karagwe angeiomba hati hiyo kwa nani?

Mwaka 1896, huko Shangi, kando ya Ziwa Kivu, kaskazini mwa Nyakarenzo yetu, jeshi la Mwami Rutarindwa liliwashambulia askari wa Dola Huru ya Kongo. Mikuki na pinde zilikabili bunduki za kisasa. Bisangwa, kamanda hodari, aliuawa. Kabla mwaka haujaisha, mwami mwenyewe alipinduliwa Rucunshu. Wengi husimulia anguko hilo kwa fitina za ikulu; mimi huanzia forodhani.