Mwenzako Asome, Wewe Uandike

Wazazi wengine wa Kasongo na Kabambare wamwonapo mtoto wao wa sekondari akimpa mwenzake daftari la insha ya Kiingereza, ili aisome kabla ya mwalimu, husema moyoni: «Huu ni udanganyifu.» Hofu yao si ya bure. Uko wizi wa kweli shuleni: mmoja aandika, mwingine atia jina lake. Lakini je, kusomewa na mwenzako nako ni wizi? Tuitazame historia.

Mwaka 1958, katika idara ya Kiingereza ya chuo cha Makerere, Kampala, lilianzishwa gazeti la wanafunzi, jina lake Penpoint. Chuoni hapo alisoma kijana wa Kenya, James Ngugi, aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Siku moja ya mwaka 1960 alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na aliyeshughulika na gazeti hilo, akamwambia kwamba ameandika hadithi. Je, angependa kuitazama? Kumbe hakuwa ameandika hata moja! Basi ikambidi aketi aiandike. Kariara akaisoma, akaifurahia sana, nayo ikachapwa. Angalieni jambo hili: msomaji ndiye aliyemfanya mwandishi aandike, wala yeye mwenyewe hakushika kalamu.

Mwezi wa Juni 1962 waandishi Waafrika wa lugha ya Kiingereza walikutana Makerere. Ngugi, angali mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe wa Nigeria mswada wa kitabu chake. Achebe aliusoma, akampa mashauri. Ngugi hakukasirika wala hakumwachia Achebe kazi hiyo. Alirudi mezani, akatengeneza. Mwaka 1964 kitabu kikatoka, Weep Not, Child. Mashauri yalikuwa ya Achebe, jasho lilikuwa la Ngugi, na jina juu ya jalada ni la Ngugi peke yake.

Hata hivyo mkutano ule ulikuwa na upungufu. Shaaban Robert wa Tanganyika, bingwa wa Kiswahili, hakuwa na nafasi humo kwa kuwa hakuandika kwa Kiingereza; naye alifariki mwezi ule ule. Basi tusidhani kwamba desturi ya kusomeana ni mali ya Kiingereza.

Mfano mwingine watugusa sisi wenyewe. Hamed bin Muhammad, yaani Tippu Tip, aliyeutawala mji wa Kasongo na ambaye biashara yake ya watumwa iliacha majonzi mengi katika Maniema, alirudi Unguja katika uzee wake. Huko aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyemhimiza akazigeuza ziwe herufi za Kilatini, zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Brode alipotaka kusema maneno yake mwenyewe juu ya Tippu Tip, alitunga kitabu chake mbali, kikatoka mwaka 1905 kwa jina lake. Kwa hiyo hata leo twaweza kutenganisha neno la mmoja na neno la mwingine.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Mwenzako na asome polepole, aulize: «Hapa wataka kusema nini?» Na atie alama pembeni mahali alipopotea njia. Lakini asikutungie sentensi. Akikutungia, mwalimu atapima akili ya mtu mwingine, na siku ya mtihani wa Serikali utakaa peke yako, mikono mitupu.

Na wewe usomaye daftari la rafiki, usiseme «Vizuri, vizuri» ili kumpendeza. Sifa za namna hiyo ni rahisi, nazo hazimfai kitu. Mwambie kweli kwa upole, kama Achebe alivyomwambia kijana asiyejulikana bado.

Wahenga walisema: kinyozi hajinyoi. Enyi wazazi, msimkataze mtoto kumwonyesha mwenzake kazi yake. Mwulizeni neno moja tu: «Baada ya mwenzako kusoma, nani aliyeandika upya?» Akijibu «Ni mimi», mwacheni aendelee.