Siafu: Zuia wasiingie bandani badala ya kumaliza dawa shambani

MSIMU wa mvua unapowadia katika maeneo yenye unyevu, kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi viunga vya msitu wa Kakamega, wafugaji wengi huamkia hasara. Kuku aliyekuwa akiatamia hupatikana amekufa juu ya mayai yake, sungura huwa wameliwa ndani ya kibanda, nao mzinga uliojaa asali hubaki mtupu. Mvamizi ni siafu, na mara nyingi huja usiku watu wakiwa wamelala.

Wengi hukimbilia kununua dawa na kuimwaga kila mahali wanapoona safu ya wadudu hawa. Gharama huwa kubwa na baada ya muda siafu hurejea. Anayeelewa maisha ya mdudu huyu hutambua kuwa silaha iliyo bora ni kizuizi, wala si sumu.

Maisha ya siafu

Siafu ni aina ya sisimizi ambao wataalamu huwaita Dorylus. Kundi moja kubwa laweza kuwa na siafu wapatao milioni 20, wote wakitegemea malkia mmoja ambaye kazi yake ni kutaga mayai. Wafanyakazi na askari hawana macho, hivyo hufuata harufu iliyoachwa na wenzao waliotangulia. Askari, wenye vichwa vikubwa na taya kali, hujipanga kandokando ya safu ili kuilinda.

Siafu hawajengi kichuguu cha kudumu kama wafanyavyo mchwa. Huchimba makao ya muda ardhini, aghalabu penye mizizi ya miti, huwinda hapo karibu, kisha huhama wakiwa wamebeba mayai na mabuu yao. Uchunguzi uliofanywa katika msitu wa Mlima Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kuwa kundi laweza kukaa mahali pamoja kwa siku chache tu, au kwa zaidi ya miezi mitatu.

Hii ndiyo sababu mbinu zinazosifiwa ng'ambo hazifai hapa. Kusini mwa Marekani kuna sisimizi mwenye sumu kali aitwaye Solenopsis invicta, aliyetoka Amerika Kusini na kuingia kupitia bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, katika miaka ya 1930. Huko, wenye nyumba hunyunyiza chembe za mahindi zilizopakwa mafuta na dawa inayoua polepole; sisimizi huzibeba hadi kichuguuni na kumlisha malkia. Siafu wetu huwinda wadudu na wanyama, wala hawana haja na chambo cha nafaka. Nao wanaouawa kwenye safu ni sehemu ndogo tu ya kundi, huku malkia akiwa salama ardhini.

Namna ya kukinga

Mnyama aliye huru huwakimbia siafu. Wanaokufa ni wale waliofungiwa, waliofungwa kamba, au wasiotaka kuacha mayai. Kwa hivyo, mfugaji aanzie hapo:

- Inua vibanda vya kuku na sungura juu ya nguzo, na kila mguu uusimamishe ndani ya mkebe wenye oili chafu. Funika mkebe kwa juu ili mvua isiujaze maji na kumwaga oili.

- Mizinga ya kuning'inizwa ipakwe grisi kwenye nyaya zake. Grisi ikikauka au kushika vumbi, ipakwe upya.

- Fyeka nyasi na ukate matawi yanayogusa banda au mzinga. Unyasi mmoja tu watosha kuwa daraja.

- Zungushia banda majivu makavu ya jikoni, mstari mpana usiokatika. Majivu yakilowa hupoteza nguvu, hivyo yarudiwe kila baada ya mvua.

- Ondoa mizoga na mabaki ya nyama karibu na boma.

Wakiwa wameshaingia

Wafungulie mifugo kwanza, kisha uwatoe watoto wachanga, wazee na wagonjwa wasioweza kujiondoa wenyewe. Usikanyage safu wala kuichokoa kwa fimbo, kwani siafu watatawanyika na kupanda kila kitu. Tafuta wanakotokea, ukate njia hiyo kwa majivu.

Epuka kumwaga mafuta taa na kuwasha moto. Nyumba nyingi zina mbao, nyasi na magunia, na moto waweza kuleta hasara kuliko siafu wenyewe. Mafuta hayo pia huharibu udongo. Ikiwa ni lazima kutumia dawa, chagua iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Kuua Wadudu, kama zile zitokanazo na pareto, na ufuate maagizo kwenye kibandiko. Usinyunyize karibu na mizinga, chakula cha mifugo au kisima.

Aliyeumwa awatoe siafu mmoja mmoja kwa kushika kichwa, kwa maana taya hubaki zimeng'ata hata mwili ukikatika. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni.

Faida yao

Siafu wanaopita shambani pasipo mifugo iliyofungiwa ni heri waachwe wapite. Hula viwavi, panzi, mchwa na hata panya wachanga. Katika vijiji vingi, familia hutoka nje kwa saa chache siafu wanapoingia nyumbani, na hurudi kukuta mende na kunguni wamepungua.

Kwa hivyo, kagua mikebe, grisi na majivu kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Kazi hiyo ya saa chache ndiyo itakayoamua kama safu itapita kando ya banda au ndani yake.