Kuhamisha barua ni kufundisha: historia fupi ya kichujio cha barua taka

Ukitoa barua pepe kwenye kikasha na kuiweka kwenye folda ya taka, seva nyingi huchukua kitendo hicho kama somo. Wazo hili lilianzia wapi?

Mwaka 1998 Mehran Sahami na wenzake walichapisha utafiti wa kutambua barua taka kwa kanuni ya Bayes. Agosti 2002 Paul Graham akaandika makala "A Plan for Spam", na wazo likaenea kwa waandishi wa programu. Hoja yake: hesabu kila neno limetokea mara ngapi kwenye barua taka na mara ngapi kwenye barua nzuri, kisha tafuta uwezekano. Alipendekeza vitufe viwili vya kufuta, kimoja cha kawaida na kingine cha taka. Mwaka 2003 SpamAssassin nayo ikaingiza Bayes.

Lakini kitufe hukaa kwenye programu ya mtumiaji, na kila mtu ana programu yake. Kwenye IMAP, itifaki aliyobuni Mark Crispin mwaka 1986, folda zinakaa kwenye seva. Kwa hiyo seva inaona kila barua inayohamishwa. Seva ya Dovecot ikapata programu-jalizi ya kutumia nafasi hiyo: barua ikiingia folda ya taka, jifunze kuwa ni taka, ikitolewa humo, jifunze kuwa ni nzuri. Ikitoka humo kwenda pipa la kufutia, usijifunze chochote, maana mtu anasafisha tu. Bila sheria hiyo ya tatu, kila usafi ungefundisha uongo!

Sasa njoo Changamwe, kwenye depo za makontena. Barua halali ya wakala wa forodha ina dola, malipo, mzigo uliokwama na neno "haraka". Barua ya tapeli anayeahidi urithi ina maneno yale yale. Kichujio kilichofunzwa na barua za Ulaya kinaweza kuzitupa zote mbili, na kontena likiendelea kukaa, gharama za kuhifadhi zinapanda.

Kiswahili nacho kina shida yake. Nitalipa, umelipa, tulipwe: kwa sisi ni kitenzi kimoja, kwa kichujio kinachohesabu maneno ni maneno matatu yasiyojuana. Kinahitaji mifano mingi zaidi, na kwa kawaida Bayes ya SpamAssassin haianzi kazi hadi ipate barua taka 200 na nzuri 200.

Basi ukikuta barua ya mteja kwenye folda ya taka, usiisome na kuiacha humo. Kuisoma hakufundishi kitu. Irudishe kwenye kikasha. Huyo anayeandika "shikamoo" na namba ya kontena, kichujio kitamjua kupitia kwako.