Kumbukumbu Imejaa: Historia ya Onyo Moja la Seva ya Barua Pepe

Makala haya yanachunguza sentensi moja fupi pamoja na madhara yake. Mwaka 2022, katika idara moja ambayo si lazima kuitaja, mashine iliyokuwa ikipokea na kugawa barua pepe za walimu ilianza kutoa onyo kila alfajiri: kumbukumbu yake ilikuwa imetumika kupita asilimia 90. Onyo lilitoka kwa Kiingereza. Fundi wa mashine hiyo, kijana mwenye bidii, alinijia akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe mtu wa lugha. Utuandikie tangazo ambalo hata wazee wetu watalielewa." Nikaandika: "Kumbukumbu ya seva imejaa. Tafadhali futeni barua za zamani."

Walimu walitii. Mzee mmoja aliyekaribia kustaafu alitii kuliko wote. Kwa miaka mingi alikuwa akiandikiana na wakusanyaji wake wa masimulizi ya wafanyakazi wa migodi ya Likasi na Kambove, na masimulizi yenyewe, yakiwa yamenakiliwa neno kwa neno katika Kiswahili cha wasimuliaji, yalimfikia yameambatishwa kwenye barua. Alizifuta zote, kisha akamwaga na pipa la taka. Kesho yake alfajiri onyo likarudi, saa ile ile, kwa kiwango kile kile.

Ninadai hapa kwamba kosa halikuwa la mzee, wala la fundi. Lilikuwa la neno, na la mimi niliyelichagua bila kujua historia yake. Zipo mashine za barua ambazo sentensi yangu ingekuwa kweli tupu kwazo. Ile yetu haikuwa mojawapo.

Mimi ni mzaliwa wa Mwadingusha, kwa hiyo wasomaji wanisamehe nikianza na maji. Bwawa la kwetu lilijengwa kwenye maporomoko ya mto Lufira ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet. Kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, kikipewa jina la Francqui, na nyuma ya bwawa likatanda ziwa Tshangalele. Maji yaliyotulia ziwani hayazungushi kitu. Yanayozungusha mitambo ni yale yaliyomo ndani ya mabomba kwa dakika hiyo. Ikisemwa kwamba bomba limezidiwa, hakuna anayekimbilia kuchota maji ziwani kwa ndoo ili alipunguzie mzigo. Katika seva, diski ndiyo ziwa: humo barua hulala, hata umeme ukikatika. Kumbukumbu inayotajwa katika onyo ndiyo bomba: ni mahali ambapo programu huweka kile inachokifanyia kazi sasa, na umeme ukikatika humo hakibaki kitu. Barua iliyolala diskini tangu miaka kumi iliyopita, ambayo hakuna anayeifungua, haichukui nafasi yoyote bombani.

Kwa nini basi vitu viwili hivi vikapewa jina moja vinywani mwetu? Neno la Kiswahili, kumbukumbu, tangu zamani limebeba maana za uhifadhi: kumbukumbu za mkutano ni karatasi, na kumbukumbu ya marehemu ni jiwe au ibada. Ni jambo lililokwisha kutokea, likawekwa lisipotee. Kifaransa cha ofisini hakitusaidii, maana mtu wa Likasi ambaye simu yake haipokei tena picha husema "memwari imejaa", na hapo anazungumzia hifadhi, si kumbukumbu ya kazi. Msomaji huyo huyo akikutana na tangazo langu atalisoma kwa maana anayoijua. Atafuta.

Hapa pana jambo dogo la historia linalonivutia. Waingereza waliounda mashine ya EDSAC pale Cambridge, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949, hawakuliita jambo hili kumbukumbu, waliliita ghala. Upande wa Marekani, John von Neumann alikuwa amekwisha kulifananisha na ubongo wa binadamu katika maandishi yake ya mwaka 1945, na ndilo jina lililoshinda. Afrika Mashariki ilitawaliwa na Waingereza, ila kompyuta zilipozagaa huku, neno la Wamarekani lilikuwa limekwisha kutawala. Wanaisimu wa Kiswahili walibishana sana, na kwa haki, kama mashine yenyewe iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Viungo vya ndani ya mashine havikubahatika kupata mabishano ya kiasi hicho.

Kwa upande wa barua, waliotangulia walikuwa waangalifu kuliko mimi. Kanuni za kupelekeana barua pepe zilizoandikwa na Jonathan Postel mwezi Agosti 1982 ziliipa mashine inayopokea namna mbili za kusema haina nafasi. Jibu namba 452 lina maana kwamba mfumo hauna nafasi ya kutosha kwa sasa. Jibu namba 552 lina maana kwamba kiasi kilichoruhusiwa kimepitwa, na shughuli imevunjwa. Tarakimu ya kwanza ndiyo inayotofautisha: 4 ni "rudi baadaye", 5 ni "hapana". Mashine iliyoambiwa 4 huiweka barua katika foleni yake, diskini, ikajaribu tena na tena. Kanuni za mwaka 1989 zilishauri isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Kwa hiyo seva iliyozidiwa inayo haki ya kufunga mlango kwa muda bila barua hata moja kupotea. Programu ya sendmail, aliyoiandika Eric Allman pale Berkeley mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuja kuwekewa kipimo cha namna hiyo: mzigo ukizidi kiasi fulani, barua zinawekwa foleni tu bila kushughulikiwa, ukizidi zaidi, wageni wapya wanakataliwa.

Haja ya mlango kama huo ilidhihirika usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, programu ya Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, ilipoingia katika maelfu ya mashine, njia mojawapo ikiwa ni upenyo uliokuwa katika sendmail. Programu hiyo haikujaza masanduku ya barua. Ilijizalisha ndani ya mashine ile ile mara nyingi mno, kila nakala ikidai fungu lake, hadi mashine ikashindwa kufanya lolote.

Afrika ya Mashariki iliingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma, na naona mlango huo ulikuwa na busara yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jijini Nairobi, mtandao wa NGONET uliokuwa chini ya kituo cha mazingira cha ELCI ulipeleka barua kwa utaratibu wa FidoNet, uliobuniwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Charles Musisi aliendesha kituo kilichojulikana kwa jina la MUKLA. Kule London, Karen Banks wa GreenNet alisimamia lango lililounganisha vituo vya Afrika na mtandao mkubwa. Barua zilifungwa pamoja, zikagandamizwa, zikasubiri simu. Simu ilipopigwa, furushi likatoka na furushi likaingia, na laini ikakatwa kabla gharama haijapanda.

Programu za FidoNet zilitumika sana katika kompyuta ndogo zenye mfumo wa DOS, ambao uliziachia programu kilobaiti 640 tu za kumbukumbu. Kiasi hicho leo hakitoshi picha moja ya simu. Hata hivyo vituo hivyo vilipitisha barua za jumuiya nzima, kwa sababu vilishughulikia simu moja kwa wakati mmoja, na kila kitu kingine kililala diskini. Kwetu Katanga, katika miaka hiyo, ujumbe wa haraka ulipita kwa fonia: mpokezi alisikiliza, akaandika katika daftari, akamwita anayefuata. Hakujaribu kuwasikiliza watu kumi kwa pamoja. Ukikaa ukifikiri, mpokezi yule alikuwa seva nzuri.

Kumbe palikuwa na mashine nyingine ya barua juu ya vichwa vyetu, na kwa hiyo tangazo langu lingefaa kabisa. Chama cha SatelLife cha Boston, alichokianzisha daktari Bernard Lown, kilitaka madaktari wa nchi zisizo na simu za uhakika wapate barua na majarida. Kilitumia kwanza setilaiti ya UoSAT-3, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Surrey na kurushwa mwezi Januari 1990, kisha HealthSat-2 iliyorushwa mwezi Septemba 1993. Madaktari wa Tanzania, Uganda, Kenya na jirani zetu wa Zambia walihudumiwa na mtandao huo. Setilaiti ilizunguka dunia kwa muda wa dakika 100 hivi, ikipita juu ya ncha zote mbili. Mtu aliyekuwa chini aliiona mara chache kwa siku, kila mara kwa dakika 15 au pungufu. Katika dakika hizo kituo cha chini kiliirushia barua, nayo ikazibeba hadi ilipopita juu ya yule aliyeandikiwa.

Sasa, barua hizo zilikaa wapi safarini? Setilaiti haikuwa na diski ya kuzunguka. Zilikaa katika vijiwe vya kumbukumbu, megabaiti chache tu, ambavyo vilikuwa ziwa na bomba kwa pamoja. Huko juu, kumbukumbu ikijaa, imejaa kweli: ni lazima barua za zamani zifutwe ndipo mpya zipate mahali. Tena mahali penyewe hapakuwa salama, kwa kuwa mionzi ya angani hugeuza herufi moja moja bila taarifa. Wahandisi wa Surrey waliandika programu iliyozunguka humo bila kukoma, ikisoma kila sehemu na kusahihisha makosa kabla hayajawa mengi. Kazi hiyo waliiita kuosha kumbukumbu. Nimependa msamiati huo kuliko ninavyopaswa.

Seva yetu ya mwaka 2022 ilikuwa na diski kubwa, na zaidi ya nusu yake ilikuwa tupu. Nani basi aliyelijaza bomba? Ili kujibu ni lazima kupitia mwezi Machi 1999, virusi vya Melissa vilipoenea kwa barua pepe, na tarehe 4 Mei 2000, ilipokuja barua yenye anwani ya mapenzi, ILOVEYOU. Kabla ya hapo seva nyingi zilikuwa matarishi: zilisoma bahasha tu. Baada ya hapo zililazimika kuwa maofisa wa forodha, wenye kufungua kila furushi. Programu ya SpamAssassin ilitokea mwaka 2001, na ClamAV mwaka 2002. ClamAV hubeba orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, alama zinazohesabika kwa mamilioni, na kwa ajili ya wepesi orodha yote hukaa katika kumbukumbu ya kazi. Mwaka 2022 ilidai zaidi ya gigabaiti 1 peke yake, hata siku ambayo haikuja barua hata moja.

Fundi nami tulikaa mbele ya mashine baada ya onyo la tatu, safari hii bila kuandika tangazo. Kwanza tulijifunza kutoogopa nambari ndogo ya nafasi iliyo wazi. Linux hutumia kumbukumbu iliyokaa bure kwa kuweka nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu ikiihitaji. Ndiyo maana tangu mwaka 2014 mfumo huo umeongeza kipimo kingine kinachoonyesha nafasi inayoweza kupatikana. Kipimo hicho nacho kilishuka kila alfajiri, kwa dakika chache, kisha kikapanda. Tukatazama ni programu gani iliyokuwa ikivimba saa hiyo. Ilikuwa ClamAV, ikipokea orodha yake mpya ya siku. Tangu toleo la 0.103 la mwaka 2020, programu hiyo husoma orodha mpya huku ile ya zamani ikiwa bado inatumika, ili ukaguzi usisimame. Kwa dakika hizo hubeba orodha mbili. Katika mashine kubwa hakuna anayehisi. Katika mashine yenye kumbukumbu haba, kama yetu, ni hatari: mfumo ukikosa nafasi kabisa huchagua programu moja na kuiua, na huenda ikawa ndiyo inayopokea barua.

Dawa ilikuwa mstari mmoja katika faili la mipangilio, unaoiamuru programu iiachie orodha ya zamani kabla ya kusoma mpya. Bei yake ni kwamba kila alfajiri barua husubiri mlangoni kidogo, kwa jibu linaloanza na tarakimu 4.

Nikarudi kwenye sentensi yangu. Kosa lake halikuwa nomino peke yake. Kiambishi -me- katika "imejaa" huonyesha hali iliyokwisha kukamilika na inayodumu, kama mtungi uliojaa, na mtungi uliojaa dawa yake ni kumwaga. Onyo la mashine lilihusu mwendo, na lilidai kitenzi cha mwendo. Tangazo lililobandikwa baadaye linasema: "Seva inazidiwa kwa muda. Barua zenu ziko salama. Msifute kitu."

Nilimpelekea mzee nakala yake mkononi. Aliisoma mara mbili. "Mwanangu," akaniambia, "hili la pili ungelianza." Amewaandikia wakusanyaji wake akiwaomba wamrudishie walichobaki nacho. Wanne wamejibu. Wawili walikwisha kufariki, na kompyuta zao ziligawanywa na ndugu.