Mashine ya kuchomea DVD: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Simu ikitumbukia kwenye ndoo ya maji, utanunua nyingine. Lakini video ya bibi akiwatajia wajukuu majina ya ukoo, wakati bibi mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, haiuzwi dukani. Ndiyo maana wasikilizaji hutuuliza namna ya kuhifadhi picha na video nje ya simu, na swali moja hujirudia: je, mashine ya kuchomea DVD bado ina kazi siku hizi?

Bado inayo, ingawa si kwa kila mtu. Makala haya tumeyaweka bila picha ili yasile bando lako.

Tuanze na sababu. Flashi ikipelekwa steshenari kuchapisha barua, inaweza kurudi na kirusi kilichoficha mafaili yote na kuacha njia za mkato zisizofunguka. DVD ya kuandikwa mara moja, ikishachomwa na kufungwa, haiandikiki tena, na kirusi hakina pa kuingilia. Memori kadi nazo zina janga lao: zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa GB 512 au TB 1 wakati uwezo wake wa kweli ni sehemu ndogo tu ya hapo. Unanakili, kadi inapokea kila kitu, na siku ukitaka kutazama ndipo unagundua hakuna kilichohifadhiwa.

Pima mzigo wako kwanza

DVD ya kawaida hubeba GB 4.7. Kompyuta itakuonyesha kama 4.37, hujaibiwa, ni kwamba kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000. Kwa picha za simu zenye MB 4 kila moja, diski moja inameza zaidi ya 1,100. Video ndiyo nzito. Video ya simu yenye ubora wa Full HD inaweza kula MB 100 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo diski inajaa baada ya dakika 35 hadi 45 hivi. Simu yenye GB 64 zilizojaa itahitaji diski kama 14.

Kwa hesabu hiyo, DVD haifai kumwagia simu nzima. Inafaa kwa vitu vichache usivyokubali vipotee: video za ndoa, sauti za wazee, picha za hati ya shamba, vyeti vya kuzaliwa na vya shule. Mwenye mzigo mkubwa anunue diski ngumu ya nje, kisha DVD iwe nakala ya pili ya yale ya thamani zaidi. Na kama unachoma mara mbili tu kwa mwaka, kwa maoni yetu huna haja ya kununua mashine. Mlipe mwenye steshenari, au mnunue moja kwa pamoja kwenye kikundi.

Jambo jingine la kujua mapema: mashine hizi zimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Simu nyingi haziwezi kuchoma diski hata ukipata waya wa kuunganisha, kwa sababu hazina programu ya kazi hiyo, na umeme wake ni mdogo. Hesabu kompyuta ndani ya mpango wako.

Soma maandishi ya usoni

Hapa ndipo wanunuzi wa vifaa vya mtumba wanapoumia. Mashine iliyoandikwa DVD-ROM inasoma tu, haichomi chochote. Iliyoandikwa DVD/CD-RW ni ya mseto: inasoma DVD lakini inachoma CD peke yake, na CD haizidi MB 700. Laptopu nyingi za zamani zina hii ya mseto, na muuzaji atakuambia "inachoma" bila kusema uongo. Unayoitaka imeandikwa DVD±RW, DVD Multi Recorder, au alama ya DVD yenye herufi RW chini yake.

Ikiwa ni ya kufunga ndani ya kompyuta ya mezani, angalia nyaya. Kompyuta za zamani sana zilitumia utepe mpana wa IDE. Zilizofuata zinatumia waya mwembamba wa SATA. Haziingiliani. Za laptopu zina unene wa milimita 12.7 au 9.5, na ya kwanza haitaingia mahali pa ya pili. Ukiona usumbufu huo ni mkubwa, chukua ya nje yenye waya wa USB. Itafanya kazi kwenye kompyuta ya leo, na kompyuta ikifa unahamia nyingine. Sisi tungeanzia hapo.

Mashine iliyotumika isinunuliwe kabla ya kuchoma diski mbele yako. Kusoma peke yake hakutoshi. Mwanga wa leza huchoka kadiri ya umri, na mashine inaweza kusoma vizuri huku imeshindwa kuandika. Pia ina leza mbili, moja ya CD na nyingine ya DVD, hivyo inaweza kucheza CD ya nyimbo bila shida na kukataa kila DVD. Beba diski tupu mfukoni, ichomeni pale dukani, kisha isomeni kwenye mashine nyingine.

Umeme na kasi

Mashine ndogo ya nje hula umeme kutoka kwenye tundu la USB la kompyuta. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, la USB 3.0 hutoa 900. Wakati wa kuchoma mashine huhitaji umeme mwingi kuliko wakati wa kusoma, na hapo ndipo inaweza kuzima katikati. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishie kwenye kigawanyio chenye flashi na panya. Baadhi huja na waya wenye vichwa viwili vya USB. Tumia vyote viwili.

Kuhusu kasi, usilipie zaidi. Kasi ya 1x ni MB 1.385 kwa sekunde, hivyo 8x ni kama MB 11, na diski nzima inakamilika ndani ya dakika 10 hivi. USB 2.0 inatosha kabisa kwa kasi hiyo.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski ya kuandikwa mara moja imeharibika. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba ni kamari, hasa jioni umeme unapochezacheza.

Diski gani?

Kuna DVD-R, iliyotoka mwaka 1997, na DVD+R, iliyotoka mwaka 2002 baada ya makampuni kushindwa kukubaliana. Mashine za leo karibu zote zinachoma zote mbili. Kwa deki ya zamani chagua DVD-R, kwani hukubalika zaidi. Zenye herufi RW hufutika na kuandikwa tena takriban mara 1,000. Ni nzuri kwa mazoezi, si kwa kumbukumbu za ukoo.

DVD ya kawaida huhifadhi data kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa jua na joto. Kampuni ya Millenniata ya Marekani ilileta diski ya M-DISC, inayotumia tabaka gumu lisilo la rangi hiyo. Ilitangazwa kuwa itadumu miaka 1,000, ingawa hakuna aliyeishi muda huo kututhibitishia. Kuichoma kunahitaji mashine yenye alama ya M-DISC, lakini kuisoma mashine ya kawaida inaweza. Ukikuta mashine mbili za bei moja, chukua yenye alama hiyo.

Blu-ray hubeba GB 25 na zaidi, lakini mashine na diski zake ni ghali, na Sony ilisitisha kutengeneza diski zake za kurekodia Februari 2025. Tunaipita.

Ya kuhifadhi na ya kutazama

Wengi huchoma video ya simu, wakaiweka kwenye deki, ikakataa. Deki inataka DVD iliyopangwa kwa mtindo wake: video ya MPEG-2 ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS, kwa mfumo wa PAL unaotumika Afrika Mashariki, wenye picha 25 kwa sekunde. Programu ya bure ya DVDStyler hufanya kazi hiyo, na diski moja huingia saa mbili hivi za video.

Lakini kugeuza huku kunapunguza ubora. Video ya Full HD ina upana wa nukta 1,920. Kwenye DVD ya deki zinabaki 720. Kwa hiyo choma diski mbili: moja ya kutazama sebuleni, nyingine yenye mafaili ya asili kama yalivyotoka kwenye simu. Watu huruka hiyo ya pili, na ndiyo muhimu.

Windows itakuuliza kama diski itumike kama flashi au kwenye deki. Chagua ya deki, ili ifungwe na isomeke kila mahali. Ikimaliza usifute kitu kwenye simu kwanza. Programu nyingi za kuchomea zina kipengele cha kuhakiki. Kiwashe, kisha fungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta nyingine. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ipeleke kwa ndugu anayekaa mbali, ili moto au mafuriko yasichukue zote.

Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2003 unashauri diski zisimamishwe wima ndani ya kasha, mahali pa baridi na pakavu, zisibandikwe stika, na ziandikwe kwa kalamu ya wino wa maji. Chini ya bati lisilo na dari si mahali pake. Vumbi ukilifuta, futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.

Mwenye DVD za harusi za miaka ya nyuma asisubiri. Nakili folda nzima ya VIDEO_TS kwenye kompyuta sasa. Programu ya VLC itaicheza. Diski ikikataa kwenye mashine moja, ijaribu kwenye nyingine mbili tatu kabla ya kukata tamaa, kwani mashine hutofautiana katika kusoma mikwaruzo. Filamu za dukani ni habari nyingine: hizo zina wenyewe, na kuzichoma ili kuuza ni kosa la hakimiliki.