Minara ya Kaiping: Ngome za wana wa ughaibuni

KATIKATI ya mashamba ya mpunga ya Kaiping, mkoani Guangdong kusini mwa China, imesimama minara ya zege yenye kuba, nguzo na matao ambayo mgeni angetarajia kuyakuta Ulaya, wala si vijijini kwa wakulima wa Kichina. Huitwa diaolou, na ingalipo zaidi ya 1,800.

Desturi yenyewe ni kongwe. Mnara wa Yinglong, katika kijiji cha Sanmenli, ulijengwa enzi za ufalme wa Ming ili wanakijiji wapate pa kukimbilia wakati wa mafuriko au uvamizi. Hata hivyo, mingi ya iliyopo ilijengwa katika miaka ya 1920 na 1930, kwa fedha zilizotoka mbali.

Tangu katikati ya karne ya 19, umaskini na vita viliwasukuma wanaume wa Kaiping kwenda kuchimba dhahabu California na kutandaza reli Marekani na Canada. Mwaka wa 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo, na haikuifuta hadi 1943. Wengi wa wake zao walibaki kijijini. Mume akawa mtu wa barua na fedha.

Fedha hizo ziliwavuta majambazi. Baada ya utawala wa kifalme kuanguka mwaka wa 1912, usalama ulizorota, na familia yenye jamaa ng'ambo ilijulikana kuwa na cha kulipia fidia. Ndiyo sababu kuta ni nene, madirisha ni madogo yenye vifuniko vya chuma, na kwenye pembe za juu kuna vibanda vilivyochomoza nje, vyenye matundu ya kupenyezea mtutu wa bunduki hata kumlenga adui aliye mlangoni. Majambazi walipoivamia shule ya sekondari ya Kaiping mwaka wa 1922 na kuteka wanafunzi, taa kubwa ya mnara wa Hongyi iliwamulika usiku. Wanavijiji wakawazingira na kuwakomboa mateka.

Fahari iliwekwa juu, kusikofikiwa na jambazi. Mafundi wa papo hapo, ambao hawakuwahi kuiona Ulaya, walifuata picha na kadi za posta, wakachanganya mitindo bila woga. Mnara wa Ruishi, katika kijiji cha Jinjiangli, una orofa tisa na kuba kileleni. Katika minara kadhaa, orofa ya juu ndiyo yenye madhabahu ya wahenga.

Mwaka wa 2007 Shirika la UNESCO liliingiza minara 20 na vijiji vyake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kazi ya kuihifadhi haikuwa ya waashi pekee: wenyewe walikuwa wametawanyika ng'ambo, na iliwabidi maafisa kuwatafuta huko ili wakubali minara iwe chini ya ulinzi wa serikali, umiliki ukisalia wao. Mingi mingine ingali imefungwa, samani za ukoo zikiwa ndani.